Miezi mitatu ya kujifunza kutengeneza tovuti: makosa ya fundi vibao

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijagusa kompyuta. Rafiki yangu seremala wa Keko, ambaye kibao cha karakana yake nilikiandika kwa mkono wangu, aliniuliza kama na mambo ya tovuti nayafanya. Nikamjibu, "Nafanya, mbona jambo dogo." Akatoa laki moja ya kianzio, nikaitia mfukoni. Jioni ile, nikiwa nimebanwa kwenye daladala la kurudi Tandika, ndipo nilipoanza kujiuliza hiyo tovuti inatengenezwa kwa kitu gani.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu wa aina yangu: mtu mzima mwenye ufundi wake mkononi, anayetaka kuingia darasa la wanaoanza akiamini kwamba ujuzi wa zamani utambeba. Wangu ulikuja kunibeba baadaye sana. Mwanzoni uliniponza.

Nimeandika vibao kwa brashi tangu 2003. Kuta za maduka, milango ya saluni, mageti, ubavu wa malori, nyuma ya daladala. Kisha zikaja mashine za kuprinti mabango, na kazi niliyokuwa nikikaa nayo siku mbili juani, mashine inaimaliza mteja akiwa bado anakunywa soda. Siwalaumu wateja. Ila walipungua, na mwenye fremu yangu hakupunguza hata shilingi. Kwa hiyo niliposema "nafanya", sehemu ya uongo ule ilikuwa njaa.

Chuo nilikipata kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Kozi ya miezi mitatu, jioni, siku tatu kwa wiki, laki tatu na nusu. Nikaona nafuu, nikalipa nusu siku hiyohiyo bila kuuliza lolote. Yaliyobaki nikaambiwa kidogokidogo: fomu elfu ishirini, kitambulisho elfu kumi, mtihani elfu hamsini, cheti elfu thelathini. Jumla ikawa laki nne na sitini, na ile laki moja ya seremala ikawa imeshayeyukia humo. Nauli na bando sijahesabu. Laptopu ya mtumba niliyonunua Kariakoo ilikula laki tatu na themanini nyingine.

Kama ningerudi siku ile, ningeingia kwanza kwenye chumba cha kompyuta na kuhesabu. Sisi tulikuwa wanafunzi 26 na mashine zilizokuwa zikiwaka ni 14. Kwenye karatasi ya nguzo hilo halikuandikwa. Ningeuliza pia chuo kimesajiliwa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, kwa namba gani, umeme ukikatika wana jenereta au tunaenda nyumbani, na cheti kile mwajiri au mteja anakitambua vipi. Sikuuliza kwa sababu niliona aibu. Nilikuwa na miaka 41, na aliyekuwa akinijazia fomu angeweza kuwa mwanangu.

Siku ya kwanza mwalimu alisema, "Kwa sasa tutaangalia programu, kodi tutaigusa baadaye." Mimi nikajua anazungumzia ada iliyobaki, maana neno kodi mimi mwenye fremu ndiye aliyenizoesha. Kumbe kodi ni yale maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, ambayo kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, huyasoma ili kijue hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa iwekwe picha. Vitabuni wanaita msimbo. Darasani kwetu sikumsikia mtu akisema msimbo hata mara moja.

Ile "baadaye" ndiyo iliyonigharimu.

Programu tuliyofundishiwa ilikuwa Dreamweaver, toleo la CS6 la 2012. Mwalimu alitusimulia kuwa ilianza 1997 ikiwa ya Macromedia, kisha mwaka 2005 Adobe wakainunua kampuni nzima. Nilimuuliza kwa nini tunasomea kitu cha zamani hivyo, akacheka. Akasema tangu 2013 Adobe wameacha kuuza matoleo mapya ya kununua mara moja. Sasa unalipia kama chumba, kila mwezi. Tukaelewana.

Ukiifungua, skrini inaweza kukuonyesha vitu viwili kwa pamoja: upande mmoja ukurasa unavyopendeza, upande mwingine kodi yake. Kuna kitufe cha kuificha kodi kabisa. Nilikibonyeza siku ya kwanza na sikukigusa tena kwa wiki saba.

Halafu nikakutana na kile kifaa cha kuchora mstatili. Unakokota maus, kisanduku kinatokea, unakisogeza popote unapotaka, ndani yake unaandika au unatia picha. Jamani, nilijiona nimefika kwetu. Miaka yote nimepima ukuta kwa futi na chaki, nikachora visanduku vya maandishi kabla ya kufungua kopo la rangi. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na visanduku kumi na saba, kila kimoja mahali pake, na herufi za kunata macho. Vijana wakawa wanaacha mashine zao kuja kutazama. "Anko, hii umepangaje?" Nikawaambia jicho, wanangu, jicho.

Kulikuwa na binti mmoja wa miaka ishirini hivi, alikuwa akija na pantoni kutoka Kigamboni. Yeye alifunga upande wa picha na kubaki na kodi peke yake, anachapa taratibu kwa vidole viwili. Kurasa zake zilifanana na barua ya serikali ya mtaa: maandishi meusi, mstari, maandishi meusi. Nilimwonea huruma. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, mbona unajitesa, tumia kisanduku." Akaniamkia vizuri, akaniambia, "Ahsante anko," akaendelea kuchapa.

Kuhusu kukaa wawili kwenye mashine moja, neno moja tu: anayeshika maus ndiye anayesoma. Mwenzangu alikuwa kijana mwepesi, mwalimu akitaja kitu yeye ameshakibonyeza, na mimi nikawa natikisa kichwa kama ninayeelewa. Wiki tatu zilipita hivyo. Nilipobaki peke yangu na laptopu yangu usiku, sikukumbuka hata namna ya kuanzisha ukurasa mpya. Baadaye tulikubaliana kupokezana kila nusu saa, na simu yake ndiyo iliyolia kutukumbusha. Kama mmepangwa wawili, kubalianeni siku ya kwanza, hata kama mwenzako atanuna.

Laptopu yangu haikuwa na Dreamweaver, kwa hiyo nikaitafuta kwa njia ya mtaani. Kijana mmoja aliniuzia kwa elfu kumi ndani ya fleshi, tena akanifundisha kuzima kinga ya virusi kwanza ili "iingie vizuri". Iliingia vizuri pamoja na wageni wake. Kesho yake mafolda yangu yote yalikuwa yamegeuka njia za mkato zisizofunguka, pamoja na picha nilizopiga karakana ya Keko. Fundi alinitoza elfu ishirini na tano kusafisha. Nilipata hasira zaidi nilipogundua kwamba kuna programu za bure kabisa za kuandikia kodi. Visual Studio Code ya Microsoft ipo tangu 2015, unaipakua bila kulipa na haikudai chochote kwenye laptopu yangu chovu zaidi ya uvumilivu wakati wa kufunguka. Hata Notepad iliyomo ndani ya Windows inatosha kwa mwezi wa kwanza. Darasani hakuna aliyetuambia, na mimi sikuuliza.

Umeme ulikatika mara nyingi kama mnavyojua. Nilipoteza kazi ya jioni nzima mara mbili, mara ya tatu mkono ukajifunza wenyewe kubonyeza Ctrl na S kila baada ya sentensi. Hadi leo najikuta nafanya hivyo hata nikiwa sijaandika kitu.

Sasa siku yenyewe. Wiki ya tisa kila mtu alitakiwa kuleta tovuti ya biashara halisi, aipandishe kwenye seva ya chuo, yaani kompyuta inayotunza tovuti ili watu wazifungue, kisha mwalimu aifungue kwenye simu yake mbele ya darasa, na picha ya simu ionekane ukutani kupitia projekta. Mimi nilileta karakana ya Keko. Vitanda, makabati, meza za chakula, rangi ya mbao imetulia, jina la karakana juu kwa herufi za mviringo kama nilivyoliandika kwenye kibao chake. Nilivaa shati la kupiga pasi.

Mwalimu akafungua. Picha hazikuwepo. Mahali pa kila kitanda palikuwa na kijialama kidogo cha picha iliyovunjika.

Akafungua kodi yangu mbele ya watu, kodi ambayo hata mimi sikuwa nimeitazama kwa makini. Kwenye kila picha kulikuwa na anwani inayoanza na file:///C:/Users. Akasoma kwa sauti kisha akaniuliza, "Mzee wangu, simu yangu ina diski C?" Darasa likacheka. Niliziburuta picha kutoka kwenye folda ya mezani na kuzitia ndani ya ukurasa, nikadhani zimeingia, kama unavyobandika picha kwenye karatasi. Kumbe ukurasa hauna picha ndani. Una anwani tu ya mahali picha ilipo, na anwani yangu ilikuwa inaelekeza chumbani kwangu. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilionekana kwa sababu chumba chenyewe nilikuwa nacho.

Akanipa dakika kumi za kurekebisha. Nikaziweka picha kwenye folda moja na ukurasa, nikafupisha anwani, nikapandisha upya. Tatu zikatokea, nne zikagoma. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwenye Windows, Kabati.JPG na kabati.jpg ni kitu kimoja, lakini seva ile ilikuwa ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na Linux huyaona ni mafaili mawili tofauti, kama Juma na Jumaa. Tangu siku hiyo jina la faili langu lolote ni herufi ndogo tupu, bila nafasi. Nikitaka kutenganisha maneno naweka kistari. Jambo la dakika moja, nililipia aibu ya dakika kumi.

Picha zilipotokea zote, zilitokea polepole sana. Nilizipiga kwa simu na kuziweka zilivyo, kila moja megabaiti nne au tano. Saba zikawa zaidi ya thelathini. Mwalimu akatazama simu yake, akasema, "Hapa umekula bando langu la leo." Alikuwa anatania, lakini fikiria mteja wa kweli yuko Mbagala ana megabaiti hamsini za kumalizia siku, anataka tu kuona bei ya kitanda.

Na bado. Ukurasa ulipokamilika, ulikuwa mdogo kama maandishi ya ndani ya boksi la dawa. Ili usome ilibidi uvute kwa vidole viwili, ukivuta unapotea, hujui uko kabatini au mezani. Kwenye visanduku viwili maneno yalikuwa yamemwagika nje na kupanda juu ya picha ya chini yake. Na herufi zangu za mviringo, zile nilizokaa nazo usiku mbili, hazikuwepo. Zilikuwa herufi za kawaida za simu.

Hilo la herufi liliniuma kuliko yote, na sidhani kama yeyote mle ndani alielewa kwa nini. Mimi herufi ndiyo kazi yangu. Mwalimu akaeleza kwamba ukurasa haubebi herufi. Unaziomba kwa jina, na simu isipokuwa nazo inaweka ilizonazo. Ukitaka zako ziende nawe, lazima uzipandishe kwenye seva pamoja na ukurasa na uandike hivyo ndani ya kodi. Mimi nilikuwa nimechagua fonti iliyokuwa imewekwa kwenye laptopu yangu, basi. Ni kama kuandika kibao kwa rangi inayoonekana dukani kwa muuzaji peke yake.

Nilipata alama 38 kwa 100. Binti wa Kigamboni, mwenye barua yake ya serikali ya mtaa, alipata 81. Ukurasa wake ulifunguka mara moja, ukasomeka kwenye simu bila kuvuta, na picha zilikuwa zimejipanga moja chini ya nyingine.

Usiku ule nilimwambia mama watoto kwamba namrudishia seremala pesa yake. Akaniuliza pesa ipi. Nikanyamaza. Kisha akaniambia, "Kibao chako cha kwanza uliandika VIPODOZ, ukasahau I. Mbona mwenye duka hukumrudishia?" Ni kweli. Nilirudi na ngazi alfajiri kabla ya duka kufunguliwa, nikaibana ile I pembeni, na hadi duka lilipovunjwa ilikuwa bado imejibana pale.

Kesho yake nilifika chuoni saa moja na nusu kabla ya kipindi, nikamkuta binti. Nikamwomba anifundishe. Malipo yalikuwa chipsi mayai, kwa jioni nne, na sijawahi kulipa ada iliyonifaa zaidi.

Alianza kwa kunifungulia kodi ya ukurasa wangu mwenyewe. Kila kisanduku nilichochora, programu ilikuwa imekiandikia kwa siri neno "absolute" na namba: kutoka kushoto pikseli 412, kutoka juu pikseli 230, pikseli zikiwa vile vidoa vidogo vya kupimia skrini. Akaongeza mstari mmoja juu ya ukurasa, ule wa viewport, unaoiambia simu itumie upana wake halisi badala ya kujifanya kompyuta. Maandishi yakawa makubwa mara moja, nikafurahi. Kisha nikaona nusu ya vitanda haipo. Simu nyingi za kawaida zina upana wa pikseli kama 360 kwa hesabu za kivinjari, na kitanda changu kilikuwa kimeamriwa kukaa 412. Kilikuwa nje ya simu, kinasubiri.

"Anko," akaniambia, "vitu vya kwenye ukurasa ni abiria wa daladala." Akaeleza. Abiria wa kawaida husogezana: akiingia mmoja, wengine wanasogea nyuma; daladala likiwa dogo, wanabanana lakini wote wamo. Kisanduku changu ni konda anayening'inia mlangoni. Hana kiti, hahesabiwi kwenye nafasi, hamsogezi mtu na mtu hamsogezi yeye. Konda mmoja sawa. Mimi nilijaza daladala zima makonda kumi na saba, kila mmoja ananing'inia mahali pake, ndani hakuna abiria hata mmoja.

Sijawahi kusahau hilo, na nikiona mtu mpya anakokota visanduku namweleza vilevile.

Baadaye nilimuuliza mwalimu kwa nini mambo yakawa hivi, kwa nini ukurasa usikae tu pale unapouweka. Akanirudisha nyuma kwa Tim Berners-Lee, aliyekuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, ambaye mwaka 1989 alipendekeza mfumo wa kuwawezesha wanasayansi wenye kompyuta za aina mbalimbali kusomeana nyaraka. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba anayesoma ana mashine tofauti na anayeandika. Mimi kwenye kibao ukuta ni wangu: naupima, hauongezeki wala haupungui, na anayepita kwa miguu na anayepita kwa bajaji wanaona kitu kilekile. Huku ukuta ni wa mpita njia. Kila mmoja anakuja na wake mfukoni, mmoja mwembamba, mwingine mpana, mwingine umepasuka kioo. Ile picha nzuri iliyokuwa ikinionyesha Dreamweaver ilikuwa ukuta wangu mimi.

Nilifuta kurasa zote. Nasema hivi kwa sababu mwanzoni nilijaribu kurekebisha, kisanduku kimoja baada ya kingine, nikapoteza usiku mbili. Usirekebishe. Kama umejenga kwa visanduku vya kukokota, chukua maneno na picha zako, anza upya.

Safari hii sikuanza na kompyuta. Nilikata kadibodi yenye ukubwa wa simu yangu, nikachora kwa penseli vitu vya karakana kwa mpangilio wa umuhimu: jina, picha moja nzuri, bei za kuanzia, mahali ilipo, namba. Hapo brashi ilinisaidia, maana kibao hukufundisha kutupa maneno. Kisha nikaandika kodi kwa mkono, HTML kwanza, yaani ile sehemu ya maneno na mpangilio wake, bila rangi yoyote, hadi ikasomeka kama ile barua ya serikali ya mtaa niliyoicheka. Ndipo nikaongeza CSS, yaani ile sehemu ya sura: rangi, nafasi, herufi. Nilianza na safu moja ya simu, halafu nikaandika kwamba skrini ikizidi upana wa pikseli 768, bidhaa zikae mbili mbili. Mistari michache tu. Ilinichukua jioni tano kuielewa na dakika ishirini kuiandika.

Picha nilizipunguza hadi upana wa pikseli 1,200, zikawa chini ya kilobaiti mia mbili kila moja, na kwa macho yangu, ambayo ni makali kwa rangi, sikuona tofauti kwenye simu. Kila baada ya muda kidogo nilibonyeza F12 kwenye kivinjari, ambako kuna sehemu ya kuona ukurasa kama uko kwenye simu. Lakini usiiamini hiyo peke yake. Mimi nilikuwa na simu ya mama watoto, ya bei ndogo na yenye ufa. Ikifunguka vizuri hapo, naenda kulala.

Kosa la mwisho la darasani lilikuwa kiungo cha WhatsApp. Seremala hakutaka fomu za kujaza, alitaka mteja abonyeze na kuongea naye. Niliandika namba kama tunavyoitamka, inayoanza na sifuri, nayo ikawa haifunguki popote. Kwenye viungo vya WhatsApp, vile vya wa.me, unaondoa sifuri na kuanza na 255, bila alama ya kujumlisha. Nilikaa nacho siku nzima nikidhani kodi ndiyo imekosewa. Mtihani wa mwisho nilipata 74. Binti hakuniuliza nimepata ngapi, aliuliza chipsi zipo.

Baada ya chuo kulikuwa na jambo ambalo darasani halikufundishwa kabisa, na ndilo lililonitia hasara ya kweli. Tovuti inahitaji jina na mahali pa kukaa, na vyote viwili vinalipiwa kila mwaka. Majina yanayoishia na .tz yana msimamizi wake, ila wewe unasajili kupitia wakala. Nilimpa kazi hiyo jamaa mmoja aliyesema anafanya kila kitu, nami nikamtajia seremala bei moja ya jumla kana kwamba ni kibao, unalipa na imekwisha. Mwaka ulipofika, tovuti ikazimika. Seremala akanipigia kwa hasira, mimi nikampigia jamaa, jamaa hapokei. Nilipofuatilia nikakuta jina limesajiliwa kwa jina la huyo jamaa, wala si la karakana. Hatukuona la kudai. Tulichukua jina jingine, safari hii kwa jina na barua pepe ya seremala mwenyewe, na gharama nikabeba mimi, kwa sababu aliyesema "mbona jambo dogo" ni mimi. Sasa naandika kwenye karatasi, kabla ya kupokea kianzio: hiki cha mara moja, hiki cha kila mwaka, na jina ni mali yako.

Darasa lenyewe, je, lilistahili pesa ile? Programu waliyonifundisha siitumii tena. Mengi niliyoyashika niliyapata kwenye benchi la nje, na mengine usiku peke yangu. Lakini bila darasa nisingemkuta binti, na bila mwalimu kuufungua ukurasa wangu kwenye simu yake mbele ya watu, ningempelekea seremala makonda kumi na saba na kudai salio. Kwa hiyo sijutii ada. Najutia zile wiki saba nilizoficha kodi.

Jina jipya lilipokaa sawa, seremala aliniita Keko niliandike kwenye geti la karakana, kwa brashi. Nilipima, nikapiga chaki, nikaanza na zile w tatu za mwanzo, kubwa, zenye mikia. Muda mrefu sikuwa nimeshika brashi kwa raha ile. Nilipomaliza nikapiga picha na kumtumia binti, ambaye siku hizi ana wateja wake huko Kigamboni.

Akajibu: "Shikamoo anko. Imependeza sana. Ila hizo w siku hizi si lazima."

Nimeziacha. Zimekaa vizuri.